Shata ya Mama Vumbi

Masjala ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili, rafu za chuma zilizopinda katikati kwa uzito, na harufu ya karatasi kuukuu ambayo mgeni hupiga nayo chafya tatu kabla ya kueleza shida yake. Karani mkuu wa chumba hicho aliitwa Mama Vumbi. Jina walimpa wenzake wa ghorofa ya juu, wale wenye viti vya kuzunguka, wakidhani hajui. Alijua. Siku moja alimwandikia barua ya kikazi mhasibu aliyelianzisha, akasaini chini kwa mwandiko wake wa kupendeza: "Mama Vumbi, Karani Mkuu." Mhasibu alitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo jina likawa lake halali, na ole wake aliyelitamka kwa kicheko.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na kichwa kigumu kupita kiasi. Mumewe alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na alipenda kusema amenyoosha kila aina ya bati isipokuwa mkewe. Bwana huyo alikuwa na taa moja ya gereji aliyoipenda kuliko redio yake. Akiiweka ubavuni mwa mlango wa gari, mabonde yote ambayo macho hayayaoni yanajitokeza. Hata nyumbani hakuiacha ipumzike. Alikuwa akimulika nayo masufuria na kumwambia mkewe ni lipi lililoangushwa wiki hii, na mkewe akamwambia amulike kwanza kichwa chake.

Humo masjala kulikuwa na vitabu themanini na vinne vya vizazi. Ni madaftari makubwa yenye jalada gumu, kila mstari mtoto mmoja: jina, siku, mama, baba, aliyeleta taarifa, na uhusiano wake na mtoto. Mtu akipoteza cheti chake, au kama hakuwahi kuwa nacho, anakuja dirishani na Mama Vumbi anafungua kitabu. Mstari ukiwepo, mtu yupo. Usipokuwepo, hata akija na mashahidi wa kujaza ukumbi, ofisi itamtazama kama mtu aliyedondoka kutoka hewani.

Sasa jengo lilikuwa linavuja, ofisi inahama, na vitabu vyote vingepelekwa ghala kuu. Mama Vumbi alilijua ghala hilo. Vitabu huingia kwa lori na kutoka kwa koleo. Tena lori lilipangiwa siku ileile ambayo yeye angestaafu, utadhani wakubwa walitaka kuondoa uchakavu wote kwa safari moja. Akaapa kwamba vitabu havitoki humo kabla hajavipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, vyote.

Simu ndani ya masjala zilikuwa marufuku, tangu karani mmoja akamatwe akiuza kurasa kwa matapeli. Tangazo la marufuku hiyo lilikuwa mlangoni, lenye kibao cha hatari chenye fuvu la kichwa, kilichobanduliwa kwenye nguzo ya umeme. Basi Mama Vumbi akanunua kamera iliyotumika, akaiombea kibali. Kibali kilichukua miezi saba, kikatoka kikiwa kimetaja kila kitu: kamera moja, nyeusi, kuukuu, namba yake ya kiwandani tarakimu kwa tarakimu. Kamera nyingine yoyote ingehitaji kibali kingine, na miezi iliyobaki ilikuwa mitano tu.

Muuzaji wa kamera ile alikuwa mtu wa maneno matamu. Alipiga picha moja ya ukuta, akamwonyesha namba kwenye kioo: 0312. "Mama, unaona mwenyewe. Imepiga picha mia tatu na kumi na mbili tu tangu izaliwe. Hii bado mtoto mchanga." Mama Vumbi, ambaye alikuwa hamwamini binadamu lakini akiamini namba, akalipa.

Wiki ya kwanza alimaliza vitabu vinne. Mumewe alimtengenezea mguu wa kamera kwa bomba la eksozi, ukashika sawasawa. Kitu kimoja tu kilimkera: kila picha ilikuwa na kidoa cheusi pembeni, palepale, kama nzi aliyekataa kuondoka. Jumamosi asubuhi akaibeba kamera hadi kwa fundi kamera, kijana mpole aliyekuwa na kibanda cha vioo na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni.

"Ni vumbi tu limeingia ndani, mama," alisema fundi, akakipuliza kidoa kwa kipira kama cha kusafishia masikio ya watoto. "Nimeshalitoa."

"Vumbi limenifuata mpaka huku," alisema Mama Vumbi.

Fundi alicheka, akaiunganisha kamera na kompyuta kuikagua. Kicheko kikakatika. "Mama, ulipoinunua walikuambia imepiga picha ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Niliona kwa macho yangu. Nami nimepiga elfu moja kamili."

"Namba uliyoiona ni ya faili. Ina tarakimu nne. Ikifika elfu tisa mia tisa tisini na tisa, inarudi kuanza moja. Hii kamera imezunguka mara kumi na tatu." Akaigeuza kompyuta amwonyeshe. "Hesabu yake ya kweli ni hii hapa. Laki moja, thelathini na moja elfu, mia mbili tisini na tisa."

Mama Vumbi akavuta kigoda, akakaa. Si kwamba hakuelewa. Alielewa haraka mno, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Mezani kwake, miaka thelathini na mmoja, kulikuwa na mashine ya kugonga namba kwenye barua zinazoingia, yenye magurudumu manne madogo. Ikifika 9999 inarudi mwanzo, na ni yeye, kwa mkono wake, aliyekuwa akiandika daftarini: mzunguko wa sita, mzunguko wa saba. Akipokea karani mgeni, somo la kwanza lilikuwa hilohilo, kwamba namba bila mzunguko ni uongo. Mtu mwingine yeyote angetapeliwa na kusamehewa. Yeye alijiona bwege la kupimia mabwege wengine.

"Na shida iko wapi?" aliuliza. "Si bado inapiga?"

Fundi alichukua kamera iliyokufa kutoka rafuni, akamfungulia tumbo lake. Ndani kulikuwa na vibati vyeusi vyembamba kuliko ukucha, vimepangana. "Hii ndiyo shata. Kila ukibonyeza, vibati hivi vinafunguka na kufunga, mwanga unaingia kidogo tu. Vinachoka, mama. Walioitengeneza yako wanasema shata yake imejaribiwa kwa laki moja na nusu."

"Na ikipita hapo?"

"Hapo ni wewe na Mungu wako. Si tarehe ya kufa. Nimeona shata iliyokata kwenye elfu thelathini, na nyingine iko laki tatu bado inadunda. Lakini mimi maneno yangu yanaishia laki moja na nusu. Na kipuri cha aina hii hakipatikani tena."

Alimpa na masharti ya kuitunza kamera ile kama mzee: asijaribujaribu hovyo, asitumie kile kioo cha nyuma kutazamia bali tundu la jicho, na ikigoma asiigonge, bali aizime, atoe betri, aiache ipumue. Mama Vumbi aliyashika yote. Alipofika nyumbani alichukua bahasha kuukuu, akapiga hesabu nyuma yake. Zilibaki picha elfu kumi na nane mia saba na moja. Vitabu vilibaki themanini, lakini kimoja hakikuwa na cha kupigwa. Hivyo sabini na tisa, kila kimoja picha mia mbili na hamsini, kurasa mbili kwa mkupuo. Elfu kumi na tisa mia saba hamsini. Alipungukiwa na picha elfu moja na arobaini na tisa.

"Achia hapo, mama watoto," alisema mumewe, aliyekuwa akisoma bahasha begani kwake. "Umejitahidi. Nani atakudai?"

Mama Vumbi aliikunja bahasha. Alikuwepo wa kumdai, na mumewe hakumjua.

Kile kitabu kisicho na cha kupigwa kilikuwa cha arobaini na moja. Mwaka wake wa sita kazini, Ijumaa moja, Mama Vumbi alikuwa na miadi ya kusukwa nywele. Aliondoka mbio, dirisha la kushoto likiwa wazi na kitabu kile kimelala mezani chini yake. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Kilikuwa kimeandikwa na karani wa kabla yake, mzee wa kalamu ya wino aliyekuwa akiikandamiza hadi meza inalia. Jumatatu wino wote ulikuwa umeogelea. Kurasa zilikauka zikiwa na rangi ya bluu hafifu kila mahali na jina hakuna. Ripoti aliiandika mwenyewe: "Dirisha lilikutwa wazi." Ni sentensi safi sana ile. Ina dirisha, haina mtu. Wakubwa waliipokea, wakaigonga muhuri, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Miaka sita baadaye alikuja dirishani msichana mmoja, fundi cherehani, uzi bado umemganda kwenye blauzi. Mama yake alikuwa amefariki, na mjomba wake alisimama mbele ya ukoo akasema huyu hakuzaliwa na dada yangu, aliokotwa akalelewa tu. Kwa hiyo nyumba ya marehemu si yake. Msichana aliombwa karatasi, naye hakuwa nayo. Faharisi ya vitabu ilionyesha jina lake na mahali tu, bila wazazi: kitabu cha arobaini na moja, ukurasa wa mia moja na tisa. Mama Vumbi alifungua ukurasa huo mbele yake, wakautazama wote wawili. Ulikuwa mtupu.

Nyumba ilikwenda. Lakini fundi cherehani aliendelea kuja, mara moja kila mwaka, miaka kumi na tisa. Alikuwa haombi tena cheti cha kudaia nyumba. "Nyumba waliichukua, sawa," aliwahi kusema. "Mimi nataka karatasi inayosema nilizaliwa na mama yangu. Nisiitwe tena wa kuokotwa." Kisha anaomba kuonyeshwa ukurasa, anauangalia, anashukuru, anaondoka. Ile shukrani ndiyo iliyokuwa ikimchoma Mama Vumbi. Angetukanwa angepumua. Mara ngapi alifungua mdomo aseme dirisha lile niliacha mimi, na mara ngapi aliufunga, alishaacha kuhesabu, yeye aliyekuwa akihesabu kila kitu.

Basi kitabu hicho kimempita. Lakini kisitokee cha pili, si mikononi mwake. Jumatatu alijifunga kibwebwe. Alianza na vitabu vilivyoliwa zaidi na mchwa, akaacha vizima nyuma, ili shata ikikata, iwe imekata penye hasara ndogo. Kila kurasa mbili, bonyezo moja. Hakuna la majaribio, hakuna la bahati mbaya. Analaza ukurasa kwa vipande viwili vya mbao, anafuta miwani, anachungulia tunduni, anabana pumzi, kacha. Baada ya kila kitabu anaandika daftarini hesabu mpya, na mzunguko wake.

Habari ya ubahili wake ilienea. Mhasibu alishuka siku moja na wenzake wanne wamepiga pasi hadi soksi. "Mama Vumbi, tupige moja ya kumbukumbu, jengo tunaliaga."

"Hapana."

"Moja tu jamani!"

"Moja ni watoto ishirini," alisema Mama Vumbi, bila kuinua jicho tunduni.

Binti yake naye alikuja na mjukuu wa kwanza, mtoto wa wiki sita, mashavu kama maandazi. Alimlaza palepale mezani, penye mwanga mzuri wa dirisha. "Mama, mpige basi mjukuu wako. Moja." Roho ilimuuma Mama Vumbi kweli, na kidole kilimwasha. Alimbeba mtoto, akambusu, akamrudisha kwa mama yake. "Yeye cheti chake kipo," alisema. Binti aliondoka shingo upande, na hakupiga simu wiki nzima.

Siku ya laki moja na nusu ilifika akiwa kwenye kitabu cha themanini. Alibonyeza huku amefumba jicho moja kama anayengoja bomu. Kacha. Picha ilikuwa nzuri. Akabonyeza nyingine, nzuri. "Pole mzee," aliiambia kamera, "mimi na wewe tunafanya kazi za ziada bila posho." Lakini kwenye kitabu cha themanini na mbili, chini ya picha palitokea mstari mweusi mwembamba. Aliipeleka kamera kwa fundi.

"Kibati kimoja kinachelewa kupanda," fundi alisema. "Ule weusi utapanda juu kidogo kidogo. Ndiyo inaaga hivyo, mama yangu."

"Itaaga nikiiruhusu," alisema Mama Vumbi. Alimwambia mumewe aongeze bomba, akaipandisha kamera juu zaidi ili kurasa zikae kwenye sehemu ya picha iliyo salama. Weusi ukipanda kidole kimoja, naye anapandisha kamera kidole kimoja. Walikwenda hivyo, wanabishana, hadi siku ya mwisho.

Siku hiyo masjala ilikuwa imeshanyang'anywa karibu kila kitu, hata balbu. Kwa nini wahamishaji waliona balbu ni za haraka kuliko vitabu, hakuna aliyejua. Zilibaki picha arobaini za kitabu cha themanini na nne, nje kulikuwa na wingu, na humo ndani giza. Mumewe alikuja na taa yake ya gereji, akasimama pembeni kama nguzo. Lori lilikuwa limeshafika uani. Saa tano kasoro, kurasa za mwisho zikaingia. Kacha. Mama Vumbi alikaa chini akajifuta uso kwa upande wa kanga. Vitabu themanini na vitatu, vyote. Alitaka kucheka akajikuta machozi yanamtoka, na mumewe, ambaye hakuzoea jambo hilo, akamulika dari.

Hapo fundi cherehani akabisha hodi. Alikuwa mtu mzima sasa, nywele za kijivu zikimtoka kwenye kitambaa. "Nimesikia vinaondoka, mama karani. Nimekuja kuuaga ukurasa wangu."

Kitabu cha arobaini na moja kilikuwa mezani tayari, kinangoja kuandikiwa fomu ya "kimeharibika". Mama Vumbi alikifungua penyewe bila kutafuta. Mumewe, ambaye taa ilikuwa imemchosha mkono, aliiteremsha ikalala pembeni mwa meza, mwanga ukapita juu ya ukurasa kwa ubavu. Kisha akainama. Akainama tena, jicho likiwa karibu kugusa karatasi.

"Mama watoto," alisema. "Huu ukurasa una mabonde."

"Mabonde gani?"

"Mabonde. Kama mlango uliokwaruzwa ukapakwa rangi. Hebu tazama kutoka huku, mbele huwezi kuona kitu."

Mama Vumbi alipiga magoti, akatazama usawa wa meza. Mzee yule wa kalamu ya wino, aliyekuwa akikandamiza hadi meza inalia. Wino ulikuwa umekwenda na maji, lakini mikwaruzo yake ilibaki, midogo, kila mmoja na kivuli chake. Mumewe akiileta taa kushoto, vijiti vya herufi vilivyosimama vinaonekana. Ikienda juu, vinaonekana vilivyolala. Hakuna upande ulioonyesha neno zima. Lakini picha kadhaa, kila moja na mwanga wake, zingewekwa pamoja zikasomeka. Na lori lilikuwa linapiga honi.

Alishika kamera. Kisha akaiacha.

Angeweza kubonyeza tu. Angepewa shukrani kubwa kuliko zote, akastaafu nayo. Alijua kabisa asingeweza kuimeza. Na shata ikikata kabla ya kupata neno, asingekuwa tena na ujasiri wa kusema. Akageuka.

"Mdogo wangu, lile dirisha niliacha wazi mimi," alisema. "Lile la kushoto. Nilikuwa nawahi kusukwa nywele. Halafu nikaandika lilikutwa wazi. Umekuja hapa miaka kumi na tisa, na kila mara nilikuwa najua."

Mumewe alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.  Fundi cherehani alitazama dirisha, akatazama ukurasa.  Kisha alinyoosha mkono, akaichukua taa mikononi mwa mwanamume yule.

"Niiweke wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ngumu.

"Kushoto. Chini kabisa."

Kacha. Jina la mtoto, nusu, na siku. Weusi ulikuwa umepanda hadi katikati ya picha. Mama Vumbi alisogeza kitabu, mstari wa mtoto ukakaa juu kabisa ya picha. "Sasa juu." Kacha. "Sasa kulia." Kacha, lakini ya kusitasita, kama mtu anayepanda ngazi na goti bovu. Nafasi za mama na baba sasa zilikuwa zimeshikwa pande zote tatu. Zilibaki mbili za mwisho, aliyeleta taarifa na uhusiano wake na mtoto, ambazo mwanga ulikuwa umezifikia nusu tu, na bila hizo, nakala ya mstari isingekubalika popote. Alibonyeza. Kamera haikulia. Kioo kiliandika neno la hitilafu.

Dereva wa lori alipiga honi tena, ndefu. "Asubiri na hiyo honi yake!" alifoka mume, akatoka uani kwenda kumshikilia kwa maneno.

Mama Vumbi aliizima kamera. Akatoa betri, akaishika kiganjani. Alihesabu hadi mia, kwa sauti, polepole, na fundi cherehani akasimama na taa bila kuishusha. Akarudisha betri. "Moja tu, mzee wangu," alisema. "Moja tu, halafu lala." Akabonyeza.

Ilitoa sauti ya kukwaruza, ndefu, kisha tiki moja ndani, na kitufe kikalegea. Hakikubonyezeka tena, siku hiyo wala baadaye.

Waliziweka picha kwenye kompyuta ya mkononi ambamo Mama Vumbi alihifadhi zote. Ile ya mwisho ilikuwa nyeusi tii isipokuwa utepe wa juu, upana wa vidole viwili. Mstari ulikuwa ndani ya utepe. Mama Vumbi alikuza, akaongeza giza kwenye vivuli, akasogeza picha ya kushoto juu ya ya kulia. Jina la mtoto lilisimama kwanza. Kisha jina la mama. Fundi cherehani aliweka kidole chini yake kwenye kioo, akalisoma kwa mdomo bila sauti, mara mbili. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta.

"Endelea," alisema.

Aliyeleta taarifa. Jina lilikuja herufi kwa herufi, na kabla halijakamilika fundi cherehani alikuwa ameshavuta pumzi. Mama Vumbi hakulijua jina hilo. Alisogeza kwenye nafasi ya mwisho, uhusiano na mtoto. Hapo mzee wa kalamu alikuwa amekandamiza kuliko mahali pengine popote, neno moja tu, wazi kabisa: mjomba.

Mjomba yuleyule aliyesema ameokotwa. Ndiye aliyekuja dirishani hapahapa, miaka arobaini na minne iliyopita, kuandikisha kwamba dada yake amejifungua.

Nakala ilichapishwa duka la ng'ambo ya barabara, na Mama Vumbi akakimbia nayo barabarani viatu mkononi, yeye na miaka yake hamsini na minane. Alisaini. Aligonga muhuri wa ofisi, kisha mashine ya namba, na pembeni yake akaandika mzunguko. Saa sita kamili mamlaka yake yaliisha. Lori liliondoka na vitabu, na mumewe akabeba kiti chake, bomba la eksozi na kamera iliyokufa.

Fundi cherehani aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka kifuani ndani ya nguo. Alifika mlangoni, akasimama chini ya fuvu la kichwa. Safari hii hakushukuru.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema. "Bado sijui. Lakini umesema kabla hujabonyeza, hilo nimeliona." Akageuka kuondoka, kisha akarudisha uso. "Na lile dirisha, mama karani, lifunge kabla hujatoka."

Mama Vumbi alirudi ndani, kwenye chumba kitupu kisicho na hata karatasi moja ya kulowa. Alilifunga dirisha la kushoto, akakaza komeo, akalivuta kuhakikisha. Kisha akalivuta tena.